VIWAVIJESHI WA KWETU NA WALE WA MAREKANI: JINA MOJA, TABIA MBILI

Wadau, leo naomba tuongee wadudu. Najua kuna waliokuja kuangalia matokeo ya mpira tu na dakika za kafe zinahesabika, lakini vumilieni kidogo, maana habari hii inagusa mfuko wako hata kama hujashika jembe tangu umalize darasa la saba.

Wengi wetu tulioko mjini tuna wazazi au ndugu wanaolima mahindi. Simu za msimu tunazijua: "Viwavijeshi wameingia, tuma hela ya dawa." Unajikamua, unatuma. Wiki mbili baadaye simu nyingine: dawa haijafanya kazi, tuma tena. Na mimi zimenifikia, tena zaidi ya mara moja, na kwenye duka la pembejeo la huko kwetu jibu lilikuwa lile lile kila safari, chukua chupa ya bei kubwa zaidi. Swali la kwanza kabisa halikuulizwa: ni viwavijeshi wepi hao? Maana wako wa aina mbili. Mmoja ni mwenyeji wa Afrika tangu enzi za mababu. Mwingine kwao ni Amerika, huku kwetu ameingia juzi tu, na ukimtibu kama yule wa kwanza unatupa hela.

Kwanza tuwekane sawa kwenye maneno. Kiwavi ni mtoto. Wazazi wake ni nondo. Sizungumzii nondo za kujengea ghorofa, wala zile nondozzz ambazo watu wanazila Mlimani wakiwa wamevaa majoho. Nasema nondo mdudu, yule anayefanana na kipepeo lakini anatembea usiku, ana rangi ya vumbi, na anakuja kujigongagonga kwenye taa ya barazani wakati mnakula. Nondo mwenyewe hali shamba la mtu. Hana hata meno, ananyonya utamu wa maua, anaishi kama wiki moja mbili hivi, anataga, anakufa. Anayekula ni mtoto. Lakini mtoto hana mbawa, hawezi kujipeleka popote. Ukitaka kujua kwa nini leo yuko shambani kwenu na mwaka jana hakuwepo, lazima umfuate mzazi.

Wa kwetu kwa jina la kitaalamu anaitwa Spodoptera exempta. Wa Amerika ni Spodoptera frugiperda. Hilo jina la kwanza, Spodoptera, ni kama la ukoo, yaani hawa ni watoto wa baba mkubwa na baba mdogo. Ukiwaweka nondo wao wawili mezani, wote ni wadogo, rangi ya kijivu na kahawia, mbawa za nyuma nyeupe nyeupe. Dume wa Amerika ana baka jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele, hilo linasaidia. Majike yanachanganya hata wasomi. Huku Tanzania wataalamu wa kilimo humwita wa Amerika kiwavijeshi vamizi, jina zuri, ila mtaani na vijijini wote wawili wameendelea kuitwa viwavijeshi, na hapo ndipo balaa linapoanzia.

Tuanze na wa kwetu, maana huyu mi naona habari zake ni kama sinema.

Kiangazi huwa ni wachache, wametawanyika, zaidi maeneo ya pwani na milimani ambako mvua za hapa na pale zinaacha majani mabichi. Viwavi wao wakati huo ni wa kijani au kahawia, wapole, kila mtu na lake. Unaweza kupita katikati yao usimwone hata mmoja. Sasa mvua za kwanza zikianza, Novemba au Desemba, nondo wanaruka usiku na kusukumwa na upepo mamia ya kilomita. Angani huko wako mbalimbali tu. Lakini pale pepo zinapokutana na kutengeneza dhoruba ya mvua, wanakusanywa pamoja kama maji ya mvua yanavyokusanya takataka kwenye mtaro, na mvua ikishuka na wao wanashuka. Watafiti waliwahi kuwafuatilia kwa rada huko Kenya, rada kama ya ndege, wakaona makundi yanavyokwenda na upepo. Wakitua wanakunywa maji, wanapandana, na majike yanaanza kutaga.

Angalia ujanja wa jambo hili. Mvua iliyowashusha ndiyo hiyo hiyo inayootesha nyasi na mahindi. Mayai yanaanguliwa ndani ya siku chache, watoto wanakuta msosi mpya kabisa uko mezani. Na kwa kuwa mama zao wote wametua sehemu moja, watoto nao wanajaa sehemu moja. Hapo kinatokea kitu cha ajabu: viwavi wakishakuwa wengi kiasi cha kugusana gusana, wanabadilika. Wale wapole wa kijani wanakuwa weusi kama mahameli, na mistari ya manjano ubavuni, na tabia inabadilika pia. Hawajifichi tena. Wanakula mchana kweupe, na wakimaliza kipande wanaanza kutembea, wote upande mmoja, kwenda shamba la jirani. Mita moja ya mraba inaweza kuwa na viwavi zaidi ya 1,000. Kwa hiyo neno jeshi sio utani, mkulima anasikia kabisa mlio wa kutafuna.

Wanachokula ni jamii ya nyasi tu. Mahindi, mtama, uwele, ulezi, mpunga, ngano, miwa, na malisho ya ng'ombe. Maharage uliyochanganya katikati ya mahindi wanayaruka. Mihogo hawaitaki, alizeti hawaigusi. Ukikuta shamba mahindi yamebaki vijiti na maharage yanachekelea, huyo ni wa kwetu.

Halafu wanaondoka. Kiwavi anaishi kama wiki mbili mpaka tatu, anaingia ardhini sentimita mbili tatu, anakuwa pupa, na baada ya wiki moja na kitu nondo mpya anatoka na kufuata upepo kwenda kunakonyesha. Ndio maana kwa miaka mingi taarifa zao zilikuwa zinafuatana kama vituo vya basi: wanaanza Tanzania, kama Dodoma na Morogoro, wanapanda kaskazini, Kenya, Ethiopia, mpaka ng'ambo ya bahari Yemen. Kuna na ugonjwa wao, kirusi kinachowaua kwa wingi msimu ukishakolea. Unawakuta wananing'inia kwenye majani wamelegea na kuvujika. Kirusi hicho kilishajaribiwa hapa Tanzania kama dawa ya kunyunyizia, na hakimdhuru mtu wala ng'ombe.

Sasa wazee wetu walijifunza kutokana na tabia hiyo. Walijua hili ni janga la ghafla, linakuja mwaka huu, miaka miwili mitatu usilione. Ukiwahi, unapiga dawa wakiwa wadogo. Ukichelewa, hakuna haja ya kupoteza hela, maana wakishakuwa wakubwa wanakaribia kuingia ardhini wenyewe. Unasubiri, unapanda tena kama mvua bado ipo. Msemo wa "watapita tu" una akili ndani yake, kwa mdudu huyu.

Tuvuke bahari.

Frugiperda aliingizwa vitabuni mwaka 1797 na Mwingereza anayeitwa James Edward Smith, kutokana na nondo wa jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Nyumbani kwake hasa ni sehemu za joto za Amerika, kusini na kati. Naye ni msafiri hodari, nondo wake anaweza kwenda kilomita 100 kwa usiku mmoja, na kuna safari yao moja maarufu iliyoelezwa na watafiti, kutoka Mississippi mpaka Kanada kwa saa kama 30, wamebebwa na upepo. Lakini ana udhaifu: baridi ya Ulaya na Marekani ya kaskazini inamuua. Hana ile tabia ya wadudu wengine ya kulala usingizi mzito mpaka baridi ipite. Kwa hiyo kila mwaka majira ya baridi Marekani inamfuta, anabaki kusini mwa Florida na Texas tu, na kila masika anaanza upya kupanda kaskazini. Mkulima wa katikati ya Marekani anapambana naye miezi michache, kisha barafu inamsaidia kazi.

Sisi huku barafu tunaiona kwenye picha ya Kilimanjaro.

Mwanzoni mwa 2016 alionekana Nigeria, kisha Benin, Togo na São Tomé. Namna alivyovuka Atlantiki haijulikani kwa uhakika, inaaminika alikuja kwenye mizigo au ndege, na vipimo vya vinasaba vinaelekeza upande wa Florida na visiwa vya Karibi. Kilichofuata ni mbio. Msimu wa 2016/2017 Zambia ikapambana naye, serikali ikatumia ndege za jeshi kusambaza dawa. Mwaka 2017 alikuwa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Mwaka 2018 alitua India na Yemen, Januari 2019 China, mwanzoni mwa 2020 Australia. Miaka minne kutoka Nigeria mpaka Australia! Hata bidhaa za simu za Kichina hazikusambaa kwa kasi hiyo.

Na alipofika mahali penye joto mwaka mzima na mahindi mwaka mzima, masika, vuli, na bustani za kumwagilia mabondeni, safari zake zikawa hazina lazima. Tangu yai mpaka nondo mpya ni siku kama 30 kukiwa na joto. Maana yake wakati wa kwenu wanaingia ardhini, wengine wanaanguliwa, na wengine tayari wako angani usiku wanatafuta shamba changa. Huyu hapiti. Ni mpangaji aliyeingia na kitanda.

Tabia zake shambani ni kinyume na zile za ndugu yake. Jike anataga mayai kwa mafungu ya 100 mpaka 200 na kuyafunika na manyoya meupe ya kijivu, kama pamba chafu. (Yule wa kwetu manyoya anayofunikia mayai ni meusi.) Watoto wakitoka wanatawanyika, wengine wanajining'iniza kwa uzi mwembamba na upepo unawapeleka mhindi wa pili na wa tatu. Kisha kila mmoja anaingia kwenye moyo wa mhindi, pale katikati majani mapya yanapochipukia. Wakikutana wawili wakubwa, mmoja anamla mwenzake. Ndiyo, wanakulana. Ndio maana ukifungua mhindi kwa kawaida unamkuta kiwavi mkubwa mmoja tu, amejaa tele, kama mwenye nyumba. Jeshi liko wapi hapo? Hakuna kuandamana, hakuna kuhama shamba kwa miguu. Mlango wa chumba chake ameuziba na kinyesi chake mwenyewe, kinafanana na vumbi la mbao. Mchana amejificha humo ndani, jioni na alfajiri ndio anatoka kidogo. Mahindi yakishazaa anaweza kuingia mpaka kwenye hindi lenyewe.

Chakula chake kwenye makaratasi ni balaa: orodha iliyotolewa 2018 ina mimea 353. Ila msitishike sana, Afrika kinachoumia kweli kweli ni mahindi, na mtama kiasi.

Hebu sasa tuone namna ya kuwatofautisha, maana hili unaweza kumwelekeza mtu kwa simu. Watu wengi wameambiwa waangalie paji la uso: kiwavi wa Amerika ana alama ya herufi Y iliyopinduliwa kichwani. Ni kweli anayo, lakini peke yake haitoshi, kwa sababu wa kwetu na ndugu zao wengine nao wanaweza kuwa na alama inayokaribia hiyo. Alama ya uhakika zaidi iko nyuma. Karibu na mkia, pingili ya pili kutoka mwisho, wa Amerika ana nukta nne nyeusi zilizopangwa mraba kamili, kama namba nne kwenye dadu. Mwili wake una vidoa vyeusi vilivyovimba, kila kimoja na unywele. Wa kwetu ngozi yake ni laini, na akiwa kwenye kundi ni mweusi mgongo wote.

Kama yule unayeongea naye macho yamechoka, na wazee wengi ndivyo walivyo, achana na nukta. Muulize mambo matatu ya shamba. Wako mmoja mmoja ndani ya moyo wa mhindi au wamejaa juu ya majani na chini? Nyasi za pembeni ya shamba zimeliwa au ziko salama? Na kuna ule uchafu kama vumbi la mbao? Majibu hayo yanatosha kabisa kujua unaongelea mdudu gani, kabla hujafungua pochi.

Sasa kwa nini inagharimu kuwachanganya? Chukua dawa ya kunyunyizia. Kwa wa kwetu, viwavi wako nje, wamejaa, ukipulizia juu ya majani unawapata. Kwa wa Amerika, mtu yule yule anapita na bomba mgongoni saa nne asubuhi, jua kali, anapulizia juu juu. Dawa inatua kwenye jani na kukauka. Mwenye nyumba yuko ndani, mlango umezibwa na kinyesi, hana habari. Baada ya siku tatu mkulima anafungua mhindi, anamkuta mzima na amenenepa, anasema dawa ni feki. Wakati mwingine kweli ni feki, hilo nalo lipo. Lakini mara nyingi dawa haikumfikia. Ili imfikie inabidi iingie ndani ya moyo wa mhindi, jioni au alfajiri, na kiwavi awe bado mdogo. Akishafika urefu wa sentimita tatu, dawa nyingi anaziona kama maji ya kuoga. Na kule Amerika ameshazoea aina nyingi za dawa kwa kupigwa kila wiki miaka nenda rudi. Hata mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ili yamuue, kisiwa cha Puerto Rico kiliona ameyashinda mwaka 2006.

Upande wa pili ni ile "watapita tu". Mzee aliyezoea wa kwetu anakaa akisubiri. Wanamaliza mahindi machanga, wanakuja wengine, wanaingia kwenye mahindi yaliyobeba. Anasubiri basi ambalo halina ratiba.

Hapa niweke jambo ambalo wauza dawa hawapendi kulisikia. Shamba lililoingiwa na wa Amerika linatisha kwa macho kuliko hasara yenyewe. Mwaka 2017 shirika la CABI lilikadiria kwamba asipodhibitiwa, nchi 12 za Afrika zingepoteza kati ya tani milioni 8.3 na 20.6 za mahindi kwa mwaka. Takwimu hizo zilitokana kwa sehemu kubwa na kuwauliza wakulima wa Ghana na Zambia wanaonaje hasara zao, na wao walisema karibu nusu ya mavuno. Kisha watafiti wakaenda mashariki ya Zimbabwe, wakapima mashamba yenyewe. Mihindi iliyoshambuliwa ilikuwa kati ya asilimia 32 na 48, lakini mavuno yaliyopotea yalikuwa kama asilimia 12. Matokeo yalitoka 2019. Mhindi ukiwa na mbolea na maji unatoa majani mapya na kusonga mbele, matundu yanabaki kama makovu ya ndui. Asilimia 12 sio kitu kidogo kwa mtu mwenye magunia 10, sibishi. Ila kama unatumia hela ya magunia matatu kununua dawa ili kuokoa gunia moja, hiyo hesabu hata mwanafunzi wa darasa la pili anaiona.

Ndio maana wataalamu wanasema hesabu kwanza. Unaingia shambani, unatembea kwa zigizaga kama herufi W, unasimama sehemu tano, kila sehemu unaangalia mihindi 10 iliyofuatana. Jumla 50. Mahindi yakiwa bado machanga, ukikuta 10 kati ya hizo 50 ina dalili mpya na kiwavi yumo, hapo kupiga dawa kuna maana. Yakishakuwa makubwa, subiri mpaka ifike 20. Yakishatoa mbelewele, achana na bomba, umechelewa na unachokifanya ni kujiwekea sumu kwenye chakula. Kazi hii haihitaji hela, inahitaji miguu na asubuhi moja kwa wiki. Watoto wanaweza kuifanya, tena macho yao ndiyo yanayoona mayai. Fungu moja la mayai ukiliponda kwa vidole umeondoa viwavi zaidi ya 100. Lakini watoto wasishike bomba la dawa. Nimeona vijana wadogo wanapulizia wakiwa na kandambili na fulana tu, upepo unawarudishia usoni. Sikubaliani nalo hata kidogo.

Kwa wa kwetu kuhesabu namna hii hakusaidii sana, maana leo hawapo na kesho kutwa shamba limejaa. Kwake kinachofanya kazi ni tahadhari ya mapema. Tanzania ina historia nzuri hapa: kwa miaka mingi kumekuwa na mitego ya nondo mikoani, ina chambo chenye harufu ya jike, madume yanaingia yenyewe kama vijana kwenye disko. Waliohesabiwa wanaripotiwa, pamoja na kipimo cha mvua, mpaka Arusha, kituo cha utabiri Tengeru, na taarifa inarudi kwa wilaya. Miaka ya mwanzo ya 2000 huko Kilosa wanakijiji wenyewe walianza kufundishwa kuendesha mtego na kutabiri kijijini kwao, bila kusubiri barua itoke mkoani. Wazo zuri mno. Ila chambo ni cha aina ya nondo. Kila aina ana mchanganyiko wake wa manukato, kwa hiyo mtego wa exempta usiutegemee kukupa habari za frugiperda. Yeye ana chambo chake. Kijiji kinachosema "mtego wetu hauna kitu, tuko salama" kinaweza kuwa salama kwa ndugu mmoja tu.

Kutomjua mdudu kunaweza kutokea hata kwa ngazi ya taifa. Januari 2009 Liberia ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya viwavi waliojaa vijijini, na dunia nzima ikaandika viwavijeshi. Vilipopelekwa kwa wataalamu wakaonekana ni watoto wa nondo mwingine kabisa, Achaea catocaloides, anayekula majani ya miti ya msituni. Unajiandaa kuokoa nafaka wakati mdudu yuko juu ya mti.

Kwa nyie wa simu na kompyuta: mwaka 2018 shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, pamoja na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, walitoa programu ya simu inayoangalia jani kupitia kamera na kusema kama uharibifu ni wa kiwavi wa Amerika. Wakaiita Nuru, kwa Kiswahili chetu kabisa, na haihitaji intaneti wakati wa kupiga picha. Ni kitu cha kijana wa mjini kumwekea mdogo wake aliyeko shambani akienda likizo.

Bado kuna njia isiyohusu chupa. Kituo cha icipe cha Nairobi, kile alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kina kilimo chao cha sukuma-vuta. Unapanda desmodi, mmea wa jamii ya maharage unaotambaa, katikati ya mistari ya mahindi. Harufu yake nondo hawaipendi, na mizizi yake inasumbua kiduha, lile gugu linalonyonya mahindi. Pembeni ya shamba unazungushia nyasi za brakiaria ambazo zinawavuta nondo huko nje. Kilianza kwa ajili ya viwavi wanaotoboa mabua, kabla mgeni hajaja. Alipokuja, wakapima kwa wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania, na taarifa ya 2018 ikasema viwavi kwenye mahindi walipungua kwa asilimia 82.7 na mavuno yakawa mara 2.7 ya mashamba ya kawaida. Ng'ombe wanakula desmodi na brakiaria juu yake. Ubaya wake ni mbegu ya desmodi, ni ghali na haipatikani kila duka, na mwaka wa kwanza palizi ni kazi nzito. Asiyemiliki shamba, anayekodi kwa msimu, hana sababu ya kupanda kitu cha miaka.

Na wapo wasaidizi wengine ambao hatukuwaajiri. Kuna nyigu mdogo, Telenomus remus, hafiki hata milimita moja, anatoboa mayai ya nondo na kutaga lake ndani. Ametumika Amerika kwa miaka mingi dhidi ya frugiperda. Watu walidhani itabidi aletwe Afrika kwa ndege na vibali, lakini 2019 watafiti wakatangaza kwamba tayari yuko nchi tano za bara hili, Kenya ikiwemo, anapiga kazi kimya kimya. Dawa ya kupulizia hovyo kila wiki inamuua yeye kwanza, kwa kuwa yeye hana chumba cha kujifichia ndani ya mhindi.

Kama kuna mdau ambaye kwao wameshapanda desmodi, atuambie mbegu aliipata wapi na kwa bei gani.